Nilimwambia Dada Kwamba Amebadilisha Hewa ya Jengo Zima

Kosa ni langu, ndugu zangu, sitamsingizia mtu. Nilijifanya najua Kiingereza.

Miaka ya tisini nilikuwa nasoma Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Dada Rehema, binti wa mama yangu mkubwa, alikuwa amefika karibuni kutoka Tanga, akapata kazi kwenye nyumba ya wazee kule Coon Rapids, mji mdogo wa jirani. Aliwaogesha, akawachana nywele, akawaimbia.

Siku moja akaniletea barua ya msimamizi wake nimsomee, maana msomi ni mimi. Iliandikwa kwamba tangu aje, atmosphere ya jengo zima imebadilika, na kila mtu ameona.

Atmosphere! Nililijua kutoka somo la jiografia: hewa inayoizunguka dunia. Maana nyingine sikuwa nayo. Kamusi ilikuwa rafuni, hatua mbili tu, lakini niifungue mbele yake? Mwishoni mwa barua walimshukuru, nikaona ni kawaida. Watu wa Minnesota hata wakikufukuza wanakushukuru.

"Wanasema umebadilisha hewa," nikamwambia. "Jengo zima."

Akauliza taratibu, "Kwani mimi nanuka?"

Nikajibu ndivyo walivyoandika.

Basi akaacha kupika dagaa. Akawa anaoga mara tatu kwa siku, na kazini anakwenda amejimwagia manukato mpaka wazee wanapiga chafya. Wenzake wakafungua madirisha, na ilikuwa Januari, nje theluji tupu! Dada akaona huo ndio ushahidi. Akaniomba nimwandikie barua ya kuacha kazi.

Nikaandika, Mungu anisamehe, kwamba anaomba radhi kwa atmosphere yake na anaondoka nayo.

Barua ilipokwisha kutumwa ndipo nikafungua kamusi. Kumbe pia ni hali ya mahali, jinsi watu wanavyojisikia wakiwapo. Walikuwa wanamsifu!

Sasa ungamo langu hasa: nilikaa kimya siku tisa. Nilimwona akinusa makwapa ya koti lake huku analia, nami nikasema pole.

Msimamizi ndiye aliyempigia simu, akamweleza polepole kwamba wazee wanamuulizia, na kwamba ile barua hawakuielewa hata kidogo. Dada akarudi kazini. Kabla ya hapo alipita kwangu, akasimama mlangoni, nami nikamkiria yote, kamusi na zile siku tisa.

"Kutojua nimekusamehe," akasema. "Hizo siku tisa, hapana."

Wewe unayesoma, mtu akikuletea barua kwa kukuamini na neno hulijui, mwambie hulijui. Utaaibika dakika moja. Mimi dada yangu anapokea simu za ukoo mzima, isipokuwa yangu.