Magunia Tisa na Blanketi la Dereva

Leo saa tatu asubuhi nimepoteza nafasi ya magunia yangu tisa ya maharage kwenye lori la Arusha.

Nilimkuta dereva anafunga turubai. Ati jana aliniambia saa ya kupakia imebadilika. Aliniambia akiwa amejifunika blanketi mdomoni kwa baridi! Karatu nzima inajua mimi ni kiziwi, nasoma midomo. Blanketi silisomi.

Hata leo alikuwa nalo mdomoni; aliponiona akalishusha. "Pole mama, lori limejaa."

Kisha akamgeukia mwenye duka aliyesimama kando ya lori, akanong'ona: "Nafasi yake nimempa shemeji."

Ananong'ona! Mbele yangu!

Nimebandika karatasi hii hapa mlangoni kwangu, mnaopita msome, mseme wenyewe.

Dereva, kesho ukirudi, kabla ya saa kumi jioni, njoo bila blanketi unijibu: magunia yangu tisa unayapakia lini?