Mikono ya Gari la Baba

Mama yangu aliishi Kitale karibu miaka ishirini akiwa na mikono miwili ya gari chini ya kitanda. Nasema mikono kwa sababu ndivyo tulivyoiita, na ndivyo ilivyokuwa. Vyuma viwili vyembamba, kila kimoja kirefu kuliko kalamu, na ndani ya kila kimoja balbu ndogo kama punje ya mahindi, imefunikwa plastiki ya rangi ya chungwa. Magari ya zamani sana hayakuwa na indiketa za kuwaka na kuzima. Dereva akitaka kukata kona alisukuma swichi, na ubavuni mwa gari, nyuma kidogo ya mlango, mkono ulichomoka ukasimama ukiwa umewaka, kama mwanafunzi anayejua jibu. Kona ikiisha, anarudisha swichi, na mkono unalala ndani.

Baba alilinunua gari hilo Juba kwa Mgiriki aliyekuwa anafunga duka. Gari dogo, mgongo wa mviringo kama kobe. Vita vilipotufukuza ikabidi liachwe. Sasa, watu wenye akili wakiacha gari vitani wanang'oa kitu cha injini ili mwizi asiondoke nalo. Baba yangu alikuwa karani, na barabarani aliheshimu sheria kuliko askari mwenyewe. Aling'oa indiketa. Aliamini kabisa kwamba hakuna dereva atakayethubutu kuingia barabarani bila kuonyesha anakokwenda. Vitani, jamani. Mpaka leo nikikumbuka hilo nacheka peke yangu jikoni.

Alifia Kitale, na mama akabaki na mikono. Kila mwezi aliitoa, akaifuta, akaikunja tena ndani ya kitenge. Nilipokuwa sekondari nilimwuliza anaiwekea nini. Akasema gari linaingoja. Nikadhani ni majonzi ya mjane.

Kumbe gari lilikuwepo. Tuliporudi Juba miaka ile ya CPA, mkataba wa amani, kila mtu alikuwa anatafuta kilicho chake, huyu kiwanja, yule nyumba, mwingine mke. Sisi tulikuta gari. Baba mdogo alikuwa amelificha nyuma ya nyumba yake mtaa wa Hai Cinema, chini ya magunia na mabati, na kuku walikuwa wametagia kiti cha nyuma vizazi kwa vizazi. Mama alilizunguka mara mbili, akagusa ile mianya mitupu ya ubavuni ilimokaa mikono, akatugeukia kwa kiburi ambacho sikuwahi kumwona nacho.

"Mnaona? Bila mikono hakuna aliyelichukua."

Nani angebishana naye?

Wakati huo nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, na ubatizo ulikuwa umepangwa. Mama alitaka kitu kimoja tu: mjukuu wake aende kubatizwa ndani ya gari lile, likiwa vile vile alivyoliacha mumewe, na mikono yake ikifanya kazi. Hakuomba nguo wala sherehe. Sisi tulikuwa tunakaa Gumbo, ng'ambo ya mto, na kanisa liko mjini. Kwa hiyo gari lazima livuke daraja, na darajani kulikuwa na askari wa trafiki.

Mume wangu ni mtu mzuri. Naandika hivi mapema kwa sababu nitakayoyasema baadaye hayatamsaidia. Alilivuta gari mpaka Gumbo kwa fundi wa malori, Mganda, akalipia injini, akatafuta magurudumu. Akaenda na darajani kumwuliza askari kama atatupitisha. Askari akamwambia gari lisilo na indiketa asilione pale. Basi mume wangu akapita sokoni, na jioni akafika nyumbani na taa nne za boda boda ndani ya mfuko wa plastiki. Nyekundu, ndogo, zimechongoka. Akatuambia kwamba Jumamosi fundi atatoboa matundu kwenye bodi, mbele mawili na nyuma mawili, mambo kwisha.

Mama aliinuka akaenda kuchota maji, na maji yalikuwepo.

Mimi nilisema. Mtoto nilikuwa namnyonyesha, akaacha titi akanitazama. Nilimwuliza mume wangu kama anajua ile mikono imelala chini ya kitanda miaka mingapi, imevuka mipaka mingapi, halafu yeye atoboe gari la mkwe wake aliyekufa kwa ajili ya taa za pikipiki. Akasema ile mikono ni kumbukumbu, tuitundike ukutani. Akasema zama zimebadilika, siku hizi taa inawaka inazima, nani atajua ile kitu inainua mkono kwa nini. Akaniambia nisipige kelele, majirani. Nikapiga kelele zaidi, ili majirani wasipoteze kitu.

Tulikubaliana hivi: fundi airudishe mikono kwanza. Ikifanya kazi, taa za boda zirudi sokoni. Isipofanya kazi kabla ya Jumamosi jioni, atoboe. Jumapili ndiyo ubatizo.

Fundi aliirudisha, na sitamnyima haki yake. Alifuata nyaya zilizoliwa na panya akaweka mpya, akabadilisha balbu, akachomeka mikono mahali pake. Jioni ya Alhamisi alisukuma swichi na mkono wa kushoto ukachomoka, halafu wa kulia. Mama alipiga kigelegele pale pale katikati ya malori, na madereva wakatoka chini ya magari yao kuangalia nani anaolewa.

Ijumaa tukaenda kulijaribu gari barabara ya Nimule, mpaka Nesitu na kurudi. Fundi aliendesha mwenyewe. Malori yalitupita yakatufunika vumbi lile jekundu mpaka mtoto akawa na kope nyekundu. Kwenda, mikono ilifanya kazi. Nesitu, tulipotaka kugeuza, wa kushoto ulitoka nusu ukabaki hivyo, kama mtu aliyeanza kusalimia akakumbuka ana ugomvi na wewe. Wa kulia haukutoka kabisa. Fundi alipiga ubavu wa gari kwa kiganja. Akapiga tena kwa kiatu. Tulirudi Gumbo mkono mmoja ukining'inia nje, na mume wangu alikuwa anatusubiri uwanjani kwa fundi. Hakusema "nilisema." Alienda tu kuuliza drili iko wapi.

Heri angesema.

Fundi alieleza kwamba sumaku ya ndani imekufa kwa uzee, vitu hivyo havipatikani tena, si Juba, si Kampala. Mume wangu akatikisa kichwa kama daktari. Wanaume wawili, na hakuna aliyefungua kitu kuangalia.

Sasa mimi nimesoma mpaka kidato cha nne, na fizikia ndiyo ilikuwa somo langu. Tulizungushia msumari waya, tukaunganisha na betri, msumari ukavuta pini. Mwalimu alisema kifaa hiki hakina roho ya kuchoka. Waya ukiwa mzima, na umeme upo, kitavuta tu. Sumaku ya ule mkono ni hiyo hiyo: umeme unaingia kwenye waya uliozungushwa, kipande cha chuma kinavutwa ndani, kinanyanyua mkono. Ijumaa asubuhi ilivuta. Ijumaa mchana imekufaje kwa uzee?

Jumamosi alfajiri nilimfunga mtoto mgongoni, nikaenda kwa fundi kabla hajafika, nikaazima bisibisi kwa mlinzi wake. Nilifungua ule wa kushoto. Nikaingiza kidole, kikatoka na uji mzito mwekundu.

Grisi. Mtu wa malori, kila kinachozunguka anakipaka grisi, na hapo alikuwa amepaka kama anasiliba ukuta. Barabara ya Nimule ikaleta vumbi, vumbi likaingia kwenye grisi, na ile bawaba ndogo ya mkono ikazama kwenye matope. Sumaku ilikuwa inavuta. Matope ndiyo yalikuwa yanakatalia.

Fundi alinikuta nimekaa chini, vyuma vyake kwenye sahani ya petroli, mtoto amelala mgongoni. Akauliza nafanya nini na kazi yake. Nikamwonyesha kidole changu.

"Mama, chuma bila grisi analia," alisema.

"Wacha alie, fundi. Huyu wako amenyamaza kabisa."

Alicheka. Ni kitu ninachompendea mpaka leo, alicheka, akachuchumaa kuangalia. Akaniuliza sasa tupake nini, kwa maana kavu kabisa pia itakwama. Hilo nililijua kutoka kwenye kufuli la sanduku langu la bweni. Nilimtuma anitafutie penseli. Aliomba moja kwa mama wa chai aliyekuwa anaitumia kuandika hesabu zake, nikaikwangua kwa wembe juu ya karatasi, unga ule mweusi tukausugua kwenye bawaba kwa kidole. Unateleza kama sabuni na vumbi halishiki. Tulifanya wa kushoto, tukafanya wa kulia. Halafu fundi akaenda kwenye lori moja, akalizunguka kwa miguu, akiangalia grisi yote ile, akitikisa kichwa.

Mume wangu alipofika na drili, mikono yote miwili ilikuwa inapanda na kushuka. Aliweka drili chini. Akaomba asukume swichi yeye. Akasukuma mara sita hivi, nikaona anatabasamu kama mtoto wa darasa la kwanza, na hasira yangu ya siku tatu ikaanza kukosa mahali pa kukaa.

"Mama mtoto," aliniambia, "wewe ungeolewa na injinia."

"Nimeolewa na wewe. Beba drili yako twende."

Jumapili mama alikaa mbele kushoto, amevaa gauni la kijani, mkoba magotini. Mume wangu alishika usukani, ambao uko kulia, kwa kuwa gari ni la enzi ambazo Sudan iliendesha kushoto. Mimi nilikuwa nyuma na mtoto, ndani ya harufu ya kuku ambayo haikutoka kwa sabuni yoyote.

Darajani askari alitusimamisha. Kijana mkubwa, amekulia Uganda, nilijua mara tu alipofungua mdomo. Aliuliza indiketa. Mume wangu akasukuma swichi iliyo katikati ya dashibodi, mkono wa kulia ukachomoka, umewaka. Askari akaruka nyuma hatua moja. Akaukaribia, akauzunguka, akauliza wa pili. Tukamwonyesha. Nikaona shingo yake imelegea, nikajua tumepita.

Halafu akajikaza.

"Indiketa lazima iwake, izime, iwake, izime. Hii iko nawaka tu. Sheria iko hivyo, mama."

Nyuma yetu malori yalianza kupiga honi. Nilishusha kioo nikaanza kumweleza. Nilimweleza kwamba wakati gari hili linatengenezwa hakuna sheria iliyodai kuzima, na kwamba mkono mzima wa gari uliosimama nje unaonekana kuliko vitaa vya boda, na kwamba padri anatungoja, na mengine ambayo hayafai kwa siku ya ubatizo. Mume wangu alikuwa ananiomba kwa macho kwenye kioo cha kutazamia nyuma nipunguze sauti. Askari akaonyesha pembeni tuegeshe. Nilimwona mama ameinamisha kichwa, nikahisi machozi ya hasira yanakuja.

Lakini mama alikuwa ameinama kutafuta swichi. Akaisukuma upande, akairudisha. Akaisukuma, akairudisha. Mkono ukapanda, ukashuka, ukapanda, ukashuka, ukiwaka kila unapopanda. Mama hakumtazama askari, alitazama mbele barabarani, mkono wake ukienda na kurudi kama anakuna nazi.

"Unawaka," alisema. "Unazima. Kalas, yamekwisha?"

Abiria wa lori la nyuma walianza kucheka. Watoto waliokuwa wanavuka kwa miguu wakaanza kulipungia gari, kwa sababu gari lilikuwa linawapungia. Askari alijaribu kukunja uso, akashindwa. Aligeuka kando, mabega yakitikisika, akaashiria kwa mkono tupite, na tulipopita naye alipunga.

Ningeliishia hapo, ila mama hakuiachia swichi. Upande wa pili wa daraja, kanisa lilikuwa kulia. Mama aliinua mkono wa kushoto.

"Mama, ni kulia," mume wangu alisema.

"Nimeshawaambia walio nyuma kwamba tunakwenda kushoto."

Mume wangu akakata kushoto. Angefanya nini? Tukaingia barabara ya soko, mama akainua wa kulia, tukakata kulia, akainua tena, na wanawake waliokuwa wanapanga nyanya wakasimama kuangalia, na mzee mmoja akavua kofia. Mama aliwapungia wote, mara kwa mkono wake, mara kwa mkono wa gari. Mume wangu aliendesha alikoelekezwa, kama dereva wa gavana. Mimi nilikuwa nyuma nacheka mpaka maziwa yakalowesha gauni langu jipya, na kanisani tulifika wakati watoto wengine wote wameshakauka vichwa.