Mlinzi wa Kielelezo Namba Saba

Baba Mdogo alikuwa mtu wa utani kabla hajakabidhiwa maiti ya nguva. Nalisema hili mapema kwa sababu waliomjua miaka ya mwisho tu wanadhani alizaliwa na uso ule. Mimi ni binti wa kaka yake, nimelelewa nyumbani kwake, na namkumbuka akimwimbia Mama Mdogo jikoni mpaka anafukuzwa kwa mwiko.

Alikuwa mtunza stoo katika ofisi ya uvuvi. Ofisi ile ilikuwa na vyumba vinne, ukumbi mmoja, na friza ndefu ya kulala ambayo wenzake waliipenda kwa sababu ya maji baridi. Siku askari wa doria walipokamata meli ya kigeni na kukuta nguva jike chini ya samaki wa barafu, maji ya kunywa yakatolewa, nguva akaingizwa, na Baba Mdogo akapewa ufunguo. Akaandikwa kielelezo namba saba. Wenzake wakambatiza Bwana Barafu, naye akacheka pamoja nao.

Kuna mkataba wa kimataifa unaokataza kufanya biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, na nguva yumo kwenye orodha ya kwanza kabisa, ile ya wanaolindwa kuliko wote. Nchi yetu ilitia saini. Wakubwa walipigwa picha na kalamu mkononi, wakarudi nyumbani, na kazi yote ya saini ile ikamwangukia mtu mmoja mwenye ufunguo wa friza. Nikisema hivi kwa hasira, nisameheni, hasira yenyewe haijaisha.

Kazi yake ilikuwa rahisi kuisimulia. Asubuhi na alasiri anasoma kipimajoto, anaandika namba kitabuni, anatia saini. Nyuzi kasoro kumi na nane, kasoro kumi na nane, mwaka nenda mwaka rudi, huku kesi ikipigwa danadana mahakamani. Ofisi ilifungwa Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo kila Ijumaa jioni alijaza kabisa namba za siku hizo mbili. Hakuona ubaya. Mtunza stoo aliyemtangulia alifanya hivyo hivyo kwa vitabu vyake, na friza ilikuwa haijawahi kumtia aibu mtu.

Halafu ikaja warsha. Wageni walikuja wikiendi moja kufundisha maofisa jinsi ya kutekeleza mkataba uleule. Ukumbini hapakuwa na soketi za kutosha. Mtu mmoja, hadi leo hajajulikana, akapitisha waya dirishani mpaka chumba cha friza, akachomoa plagi ya friza, akachomeka projekta. Mpika chai alituambia baadaye kwamba picha zilikuwa nzuri sana. Mojawapo ilikuwa ya nguva akiogelea na mwanawe.

Jumatatu Baba Mdogo alikuta sakafu imelowa. Akafungua friza. Ndani ya mwili palikuwa bado pagumu, lakini nje alikuwa ameyeyuka, na kutoka chini ya pezi, pale kwapani ambapo nguva huwa na ziwa, yalikuwa yakitoka maziwa. Meupe, mazito, yakitiririka taratibu hadi kwenye maji ya barafu. Alikuwa ananyonyesha siku aliyokamatwa. Hakuna ripoti iliyotaja mtoto.

Baba Mdogo akachukua tambara akafuta. Akachomeka plagi. Kitabu kilikuwa kimeshasema kasoro kumi na nane Jumamosi na kasoro kumi na nane Jumapili, kwa mkono wake mwenyewe, naye akafunga mdomo.

Hayo yote sisi hatukuyajua. Tulichoona ni kwamba aliacha kutia maziwa kwenye chai. Mama Mdogo akadhani ni tumbo. Kisha likaja la jokofu la nyumbani. Mnajua jokofu linavyonguruma, halafu linanyamaza kidogo, halafu linaanza tena. Likinyamaza tu, Baba Mdogo aliinuka, hata kama ana tonge mkononi, akaenda kusimama mbele yake mpaka lingurume. Tulimtania mwanzoni. Siku moja nikamfuata na kumkuta ameweka kiganja kwenye mlango, midomo inacheza bila sauti. Sikumtania tena. Niliogopa, na nyumba nzima ikaanza kusikiliza jokofu bila kupenda. Mpaka Mama Mdogo alikuwa akikata sentensi katikati likizima.

Aliniambia mwaka wa nne wa kesi, alipopata hati ya kuitwa shahidi. Tulikuwa wawili sebuleni, mchana wa Jumapili, mimi nikipiga pasi shati lake la mahakamani.

"Mwanangu, yule alikuwa na mtoto," alisema.

Akanieleza yote. Mwendesha mashtaka alikuwa ameshamwambia kwamba ofisa aliyefanya upekuzi amehama nchi, na picha zilizopigwa melini zilikuwa nne, zote za giza. Utetezi ungedai kwamba nguva yule si wa meli ile. Kilichobaki ni kitabu cha friza, ushahidi kwamba aliingia siku ile na hakuguswa tangu hapo. Kitabu kikianguka, nahodha wa meli anaondoka.

"Basi soma kitabu, ushuke," nilimwambia.

"Nitakuwa nimeapa."

"Baba Mdogo, watu wanaapa kila siku na jua linachwa kama kawaida. Unataka muuaji aende zake kwa ajili ya plagi?"

"Na mimi nimejiuliza hivyo hivyo," alisema. "Kila likizima lile jokofu najiuliza."

Sijutii nilichomwambia. Najuta tu kwamba nilimwambia kwa sauti ya kumkaripia.

Mahakamani alisimama wima, shati limenyooka. Alisoma namba zake vizuri. Nikaanza kupumua. Ndipo wakili wa utetezi, kijana mpole mwenye sauti ya daktari, akamwomba Baba Mdogo afungue ukurasa wa wikiendi ya warsha.

"Mzee, Jumapili ofisi yenu huwa wazi?"

"Hapana."

"Sasa hii namba ya Jumapili aliisoma nani?"

Baba Mdogo alikitazama kitabu. Feni ya dari ilikuwa ikizunguka. Mwendesha mashtaka, mama mmoja mnene asiyetabasamu, alimtazama kama anamsihi. Baba Mdogo angeweza kusema alipita kwa miguu baada ya ibada. Nani angempinga?

"Hakuna aliyeisoma," alisema. "Niliiandika mimi siku ya Ijumaa. Na Jumapili hiyo friza ilikuwa imezimwa."

Watu wakaguna. Mwendesha mashtaka akashusha kalamu. Baba Mdogo akamgeukia hakimu, sauti imepanda. "Lakini mheshimiwa, alikuwa na maziwa! Niliyafuta mwenyewe. Alikuwa na mtoto!"

"Shahidi, jibu ulichoulizwa," hakimu alisema, na karani hakuandika maneno yale. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, nikaona kalamu yake imetulia.

Wiki mbili baadaye kielelezo namba saba kilikataliwa na nahodha akaachiwa huru. Tulikwenda kusikiliza hukumu kwa sababu Baba Mdogo alikataa kubaki nyumbani. Tulipotoka koridoni, nahodha mwenyewe akatujia pamoja na mkalimani wake. Nilikuwa nimemchukia kwa miaka, nikitegemea jitu. Alikuwa mzee wa makamo ya Baba Mdogo, amechoka, kola imemlegea. Akamshika Baba Mdogo mkono kwa mikono yake miwili.

"Anakushukuru," mkalimani alisema. "Anasema hajawahi kukutana na mtu mkweli kama wewe."

Baba Mdogo hakuutoa mkono wake. "Muulize," alisema. "Mtoto alikwenda wapi?"

Mkalimani akasita, akauliza. Nahodha akajibu taratibu, bila kejeli, kama mtu anayelipa wema kwa wema. Mkalimani alichelewa kutafsiri.

"Anasema alikuwepo. Meli ilitia nanga palepale walipomvua mama yake, siku mbili. Siku zote mbili mtoto alikuwa akizunguka meli, analia kama kifaranga. Anasema mabaharia walishindwa kula."

"Halafu?"

"Halafu wakang'oa nanga."

Mwendesha mashtaka alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwetu, mafaili yamejaa kifuani. Nikamrukia. "Mama, umesikia? Amekiri! Umemsikia mwenyewe!"

"Nimesikia," alisema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Lakini ameshaachiwa, mwanangu. Hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lile lile."

Nikageuka kumtafuta Baba Mdogo. Nahodha alikuwa bado amemshika mkono.