Vidole vya Bibi Visivyoungua

Kila Jumamosi asubuhi harufu ya samli ilitoka jikoni kwetu, kwenye ghorofa za Thorncliffe Park, ikatangulia hadi mlangoni mwa lifti. Bibi mzaa mama, aliyekuja kuishi nasi ughaibuni kutoka Tanga, aligeuza chapati kwa vidole vitupu. Kijiko cha kugeuzia, alisema, ni cha watu wasiojua kupika. Wageni walimsifu, naye akajibu kwa maringo kwamba vidole vyake vimeshazoea moto. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nikimwelewa kila neno na kumjibu kwa Kiingereza, na nilijivunia kuwa na bibi asiyeungua.

Baridi ya mwaka ule mwalimu wa sayansi alitufundisha kwamba mwili una vipokezi, vinavyochukua habari za nje na kuzipeleka kwenye ubongo kupitia neva. Kila aina ina kazi yake. Vya macho hupokea mwanga, vya pua na ulimi hutambua kemikali, vya ngozi hugawana mguso, joto, baridi na maumivu, na vingine vimo ndani ya misuli, vikituambia mguu uko wapi hata tukifumba macho. Akasema vya harufu huzoea upesi, ndiyo maana hatunusi nyumba zetu wenyewe, lakini vya maumivu havizoei kirahisi, kwa sababu kazi yake ni kutulinda. Wenzangu waliandika. Mimi kalamu ilinigandia mkononi, nikijiuliza vidole vya Bibi vimezoeaje.

Tangu siku ile nilikosa raha. Nilimwona kandambili ikimchomoka mguuni ukumbini naye akaendelea kutembea bila habari. Alikuwa na kisukari, hilo tulilijua, ila tulidhani mambo yake yanaishia kwenye kikombe cha chai kisicho na sukari. Nilipomweleza mama, aliniambia niache uchuro. Kisha Jumamosi moja nikanusa kitu ambacho hakikuwa samli wala unga. Bibi alikuwa anamsimulia mama habari za harusi, vidole vyake vimeegemea ukingo wa kikaango, vinaungua. Mama alipomvuta mkono, Bibi alitushangaa sisi.

Kule kliniki, daktari alimwomba afumbe macho, akamgusa nyayo kwa uzi mgumu huku mimi nikitafsiri. Kila alipoulizwa, Bibi alijibu kwa adabu, "Nahisi, mwanangu." Alijibu hivyo hata daktari alipokuwa ameshauweka uzi mezani. Daktari akanitazama. Mama akageukia dirishani. Nilijua hakuna mwingine wa kumwambia.

"Bibi," nikasema, kwa Kiswahili, "hajakugusa."

Akafumbua macho, akaitazama miguu yake. "Tangu lini?" akauliza, nami nikamtafsiria maneno ya daktari, kwamba kisukari huua neva polepole bila mwenyewe kujua.

Aliishi miaka mingi baadaye, akigeuza chapati kwa kijiko huku amenuna, nami nikimpimia maji ya kuoga kwa kiwiko changu. Siku hizi nakaa Richmond Hill, jiko langu ni pana kuliko sebule yetu ya zamani, na mwaka jana niliambiwa kwamba kisukari kimenifikia na mimi. Kila Jumamosi chapati ya kwanza naigeuza kwa vidole. Mume wangu huuliza kwa nini najitesa. Nasubiri, roho juu, mpaka iniunguze. Ikiniunguza, namshukuru Mungu, kisha nachukua kijiko.