Jumatatu ya Kuzimwa Esansi

Niliamini, kwa moyo wote na kwa diploma yote ya shule ya jioni, kwamba Wazungu wana kifungo kimoja kikubwa, na kwamba Jumatatu itakayofuata, alfajiri, watakibonyeza, magari yote ya esansi, yaani ya petroli, duniani yazimike palepale ili watu wanunue ya umeme. Nilisikia habari hiyo kwa kinyozi, na mutu mwenye wembe shingoni mwako haubishani naye. Kufika jioni avenue yetu nzima ilikuwa inajua, maana habari hailali tumboni mwangu.

Aliyeumia zaidi ni papa jirani yangu, mwenye taksi. Taksi yenyewe ilikuwa nzee kuliko barabara. Starta yake ilikufa zamani, kwa hiyo kila asubuhi tulitoka, wanaume kwa wamama, kuisukuma mpaka kwenye mteremko. Ikiwaka, ilikohoa mpaka watu wa Shabunda, mbali kule msituni, wakajifunika blanketi wakidhani ni radi. Mimi niliisukuma miaka yote ya masomo yangu. Papa naye, kila jioni nilipomaliza kubeba mizigo sokoni Nyawera, alinipakia bure mpaka mlango wa shule. Siku za mvua, ambazo Bukavu ni karibu zote, nilishuka mukavu kama mukurugenzi. Bila taksi ile, leo ningekuwa bado nasaini kwa kidole gumba.

Ndiyo iliyomlisha yeye na kumsomesha binti yake. Sasa papa aliniuliza kwa sauti ya chini kama habari ile ni kweli, kwa sababu mimi ndiye nimesoma. Nikamwambia ni kweli kabisa. Ushahidi tulikuwa nao: binti yake huyohuyo alikuwa ameanza kupakia watu kwa moto ya umeme, pikipiki isiyo na moshi wala kelele. Wiki ile alikuwa amekwenda Mumosho kwa shangazi yake, ndiyo maana hakuna aliyemuuliza.

Basi Jumapili papa akaamua kuiaga taksi yake. Alivaa koti la misa, akapakia avenue nzima bure. Alipeleka watu misani, akawarudisha, akapeleka wazee kusalimia ndugu ambao walikuwa hawajaonana nao tangu ujana. Maman mmoja ambaye hajawahi kukaa mbele alikaa mbele, akatupungia mkono kama waziri. Esansi papa hakuongeza. Ya nini, na kesho inazimwa? Mshale wa kuonyesha esansi ulikufa kabla ya starta. Jioni aliiosha taratibu kwa sabuni, kama mutu anayemuosha mama yake. Mpaka leo nashukuru kwa Jumapili ile. Siku magari ya esansi yatakapokwisha kweli, letu limeshaagwa vizuri.

Jumatatu alfajiri tukasukuma. Taksi ikashika mteremko, ikashuka kimya mpaka chini, ikasimama. Haikukohoa hata kidogo. Wamama wakaanza kulia, mmoja akaanzisha wimbo wa maziko. Papa akashuka, akavua kofia.

“Wamebonyeza,” akasema.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameshafika, maana habari ilimfikia yeye pia, na alikuwa anagonga bodi kwa vidole kama anayechagua papai. Papa akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo.

Hapo ndipo binti yake alipotokea. Moto yake hatukuisikia mpaka ilipokuwa katikati yetu. Aliuliza ni nani amekufa. Nikamueleza habari ya kifungo, kwa sayansi yangu yote, na yeye kwa heshima akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuomba baba yake ufunguo ule kabla haujafika mkononi mwa yule wa vyuma, akafungua tanki, akaingiza kijiti kirefu. Kilitoka kikavu.

Alichukua bidoni, lile dumu lililokaa nyuma ya taksi, akapanda moto yake ya umeme, akaenda kutuletea esansi. Alirudi waimbaji wakiwa bado kwenye ubeti wa pili. Alipokuwa anamimina, papa ameshika faneli kwa mikono miwili, mimi bado nilimuuliza: na kifungo je?

“Tonton, hakuna kifungo,” alisema, akiniita mjomba kama siku zote. “Za courant kama hii yangu zitaongezeka polepole, za esansi zitapunguka polepole. Hii ya papa iko tu na tanki tupu.”