Lori Lililopita Ndani ya Ng'ombe

Nilimwona baba yangu mzazi akipita katikati ya ng'ombe kwa lori zima na tela lake, na ng'ombe akabaki amesimama, anatafuna majani kama hakuna lililotokea.

Ng'ombe hakuumia. Niliyeumia ni mimi, niliyelinunua hilo gemu.

Mzee wangu aliendesha malori ya masafa marefu maisha yake yote. Kazi alistaafu, usukani hakustaafu. Kila asubuhi alimpeleka shule mtoto wa dada yangu kwa kigari chake kikuukuu, na kila wiki kigari kilirudi na mkwaruzo mpya.

"Nguzo ya geti imesogea," anasema.

Nguzo ya zege. Imesogea.

Dada roho ilikuwa juu juu. Lakini nani wa kumwambia mzee yule aweke funguo chini? Alijaribu siku moja, akajibiwa, "Nilikuwa naendesha kabla mama yako hajanijua." Kikao kikafungwa.

Ndipo nikaona tangazo.

Gemu la malori. Muziki wa kusisimua mwili, halafu sauti nzito kama ya mtu anayesoma wosia: barabara za dunia nzima, mvua ya kweli, utingo mwenye akili atakayepiga soga na wewe safari nzima. "Hutaitofautisha na maisha."

Nikamwambia dada dawa imepatikana. Mzee ataendesha sebuleni mpaka hamu imwishe, na gari tutaliegesha kimyakimya.

Tukafunga usukani wa plastiki kwenye meza. Mzee akavaa kofia yake ya safari, akajiweka sawa, akawasha.

Mvua ya kweli ilinyesha ndani ya lori. Nje kukavu.

Dunia nzima ilikuwa barabara moja inayozunguka mlima mmoja. Ukiumaliza unaukuta tena mbele, umepakwa rangi nyingine na kupewa jina la nchi nyingine. Ndege walikuwa wameganda angani kama nguo kwenye kamba.

Na utingo mwenye akili alikuwa na sentensi moja tu. "Barabara iko safi, bosi." Tukigonga basi, barabara iko safi, bosi. Tukitumbukia mtoni, maji yamefika dirishani, yeye bado ana matumaini.

"Huyu," mzee akasema taratibu, "ningemshusha porini."

Nikarudi kwa muuza gemu, nikamweleza. Akanitazama kwa ile huruma ya kibiashara.

"Kaka, hayo yote yatarekebishwa. Watatuma marekebisho kwa mtandao."

"Lini?"

"Wamesema karibuni."

Kumbe nilikuwa nimenunua ahadi. Gemu lenyewe lilikuwa bado liko jikoni.

Cha ajabu, mzee hakuacha. Kila alasiri anaendesha, kila alasiri analalamika. "Wamebania hadi alama za barabarani. Kona inakuja tu, hakuna kibao. Na ukungu wote huu wa nini, mchana kweupe?"

Nami namuunga mkono. "Matapeli hawa, baba." Gemu lilikuwa na kasoro nyingi mno, sikuona haja ya kukagua moja moja.

Jumamosi moja dada, ambaye ni fundi cherehani, alikuja na kazi zake, akakaa nyuma yetu anapindia sketi ya mteja. Mzee akaifikia kona, hakukata, lori likaenda bondeni.

"Umeona?" akasema. "Hakuna kibao."

Dada akasimamisha sindano. "Baba, mbona kibao kipo? Kikubwa, chekundu."

Nikatazama. Kilikuwepo. Kona iliyofuata kulikuwa na kingine. Na ukungu haukuwepo kabisa. Jua lilikuwa linawaka kweli, pengine kitu pekee walichokitengeneza vizuri.

Mzee aliushika usukani wa plastiki bila kuugeuza. Utingo akasema barabara iko safi, bosi. Hakuna aliyecheka.

"Na pale shuleni," dada akauliza, sauti imeshuka, "pale watoto wanapovukia. Huwa unawaona?"

Mzee akauachia usukani.

"Huwa nawasikia," akasema.

Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo, akaziweka juu ya ile sketi.

Daktari wa macho hakuhangaika sana. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. "Na huyu mtoto ni mtu mzima tayari," akatuambia. Mzee akafanyiwa upasuaji, jicho moja kwanza, na lilipopona likafuata la pili.

Aliporuhusiwa kukaa mbele ya televisheni, akawasha gemu lake. Akatazama muda mrefu.

"Hii miti ni makaratasi?"

"Ndiyo, baba."

"Na huyu utingo hana vidole?"

"Anacho kimoja, baba. Kipana."

Akazima. "Nilipokuwa sioni, lilikuwa zuri kidogo."

Siku hizi dada ndiye anayeendesha kwenda shule. Mzee anakaa kiti cha abiria, anawasomea kila kibao kinachopita, hadi cha kinyozi, na hakuna anayethubutu kumnyamazisha.

Basi, ndugu zangu, kampuni ikikudanganya ilaani, imeyataka yenyewe. Ila mtu wako akilalamika kwamba haoni kitu, usikimbilie kusema ni kweli, hakipo. Kaa ubavuni mwake kwanza, utazame kule anakotazama yeye.