Pagume Haina Mshahara

Shiferaw aliamka saa tatu asubuhi ndani ya lori, shingo imekakamaa, na kabla hajashuka alikuwa ameshaamua: leo haendeshi. Alikuwa ameingia Addis Ababa alfajiri na shehena ya ngano kutoka bandari ya Jibuti, siku mbili mchana na usiku, na macho yalikuwa yanamwasha kana kwamba yamepakwa pilipili. Nje, wapagazi wa soko la Merkato walikuwa wanamalizia kushusha magunia. Simu ikalia. Alikuwa Bwana Gizachew, mwenye malori tisa na huruma kidogo.

“Gari limeshashushwa. Saa nane unageuza, kuna mbolea inasubiri bandarini.”

“Leo ni Pagume tatu, bosi.”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo nimechoka. Sigeuzi.”

“Umechoka au umelewa?”

“Nikilewa nitakuambia. Leo nimechoka tu.”

“Saa nane, Shiferaw. Ukishindwa, ufunguo nitampa mwenye nguvu.”

Sasa tuseme ukweli kuhusu hii Pagume. Mwaka wa Ethiopia una miezi kumi na miwili ya siku thelathini, halafu zinabaki siku tano zisizo na mwezi wa kuzibeba, zikapewa jina lao. Mshahara ni wa mwezi, kwa hiyo Pagume haina mshahara. Lakini kazi inayo. Mwajiri akifika hapo husahau hesabu ghafla, na dereva anaendesha bure hadi Mwaka Mpya huku akiambiwa avumilie. Shiferaw alikuwa amevumilia miaka ishirini na sita.

Na si hilo tu lililomfanya awe na kichwa kigumu. Miaka miwili nyuma, siku kama hizi, rafiki yake Wondafrash alirudishwa barabarani bila kulala. Alisinzia kwenye kona za kuteremkia Awash, na lori likamlalia. Bwana Gizachew alikuja matangani na gunia la sukari, akakaa, akatikisa kichwa kwa heshima zote, halafu akamnong'oneza Shiferaw: nani anaweza kuichukua ile safari ya Wondafrash? Punda afe, mzigo ufike. Shiferaw alimchukia tangu siku hiyo, na tangu siku hiyo aliendelea kumwitikia “ndiyo bosi”, kwa sababu ana mke, na ana umri wa miaka hamsini na mbili, na madereva wasio na kazi wamejaa kila kituo.

Akafunga lori, akatia ufunguo mfukoni, akaingia sokoni.

Ajabu ni kwamba hakulijua. Miaka yote hiyo alikuwa ameilisha Merkato ngano, mchele na saruji, na alichokijua ni ukuta wa ghala na mlango wa choo. Leo akatembea kama mtu asiyedaiwa hata salamu. Akapita kwa wafua mabati, wanaofanya pipa bovu kuwa jiko huku masikio yao yakiwa yameshastaafu. Akapita kwenye pilipili nyekundu iliyorundikwa hadi magotini, akapiga chafya saba. Kila mtu alikuwa anaukimbilia Mwaka Mpya: majani mabichi ya kutandaza sakafuni, maua ya manjano, kondoo mabegani mwa wanaume wenye nyuso nzito kuliko za kondoo wenyewe. Akishikwa na usingizi aliegemea nguzo, akasinzia kidogo, akaendelea.

Kwa mama mmoja wa magodoro akasimama. Akabonyeza mto wa pamba. Akaubonyeza tena.

“Baba, huo si mkate,” alisema yule mama. “Nunua au uuache upumue.”

“Miaka ishirini na sita nalalia koti lililokunjwa.”

“Na mkeo anakuangalia tu?”

“Mke wangu ana mto wake. Mimi ndiye sipo.”

Akaununua, akautia kwapani, akatembea nao soko zima. Watu walimcheka, naye hakujali.

Saa nane kasoro alikuwa kwenye kibanda cha kahawa cha Yeshimebet, mkabala na maegesho. Yeshimebet aliwajua madereva wote.

“Kaka Shiferaw, simu yako inalia.”

“Najua.”

“Hupokei?”

“Naisikiliza.”

“Utafukuzwa wewe.”

Hapo aliogopa, asije mtu akasema shujaa haogopi. Lakini alikumbuka kona za Awash, akabaki kwenye kigoda.

Ndipo mvua ikashuka. Mvua ya Pagume tatu, siku ya malaika Rufael, maji yenye baraka, na hiyo watu hawaikimbii. Wauza pilipili walifunika mali wakatoka wenyewe kulowana. Wapagazi walivua mashati. Yeshimebet alitoka, akaliacha jiko likiwaka nyuma yake. Shiferaw aliuacha mto wake kibandani, pakavu, akatoka pia, akafumba macho, akayaacha maji yamwoshe vumbi la Jibuti.

Honi ikapigwa. Gari dogo jeupe lilikuwa limesimama hatua sita kutoka kwake. Ndani alikuwamo Bwana Gizachew, na suti yake, na pembeni yake Bekalu, dereva mwenzake Shiferaw. Kioo kikashuka nusu.

“Lete ufunguo. Bekalu ataendesha.”

Shiferaw alimtazama Bekalu. Macho yake yalikuwa mekundu.

“Umefika lini, Bekalu?”

“Leo asubuhi. Kutoka Gambela.”

“Umelala?”

Bekalu alifungua mlango, akateremka polepole, akaja kusimama kando ya Shiferaw, akainua uso juu mvua impige.

“Bekalu,” bosi aliita. “Rudi ndani.”

“Ni mvua ya Rufael, bosi,” alisema Bekalu. “Nioge kwanza. Halafu nikalale.”

Shiferaw alinyoosha mkono, ufunguo ukiwa kiganjani. “Huu hapa. Sikatai kuutoa. Njoo uuchukue.”

“Toka baba, upate baraka,” Yeshimebet alimwita. “Haichagui suti.”

Watu wakaangua kicheko. Bwana Gizachew aliutazama ule mkono, akazitazama hatua sita za mvua, akavitazama viatu vyake. Kisha kioo kikapanda, na gari likarudi nyuma lilikotoka.

Kama bado ana kazi, Shiferaw atajua Mwaka Mpya, ukianza mwezi wenye mshahara. Akaurudisha ufunguo mfukoni, akachukua mto wake kwa Yeshimebet, akapanda ndani ya lori, akazima simu, akalala.